Kutia rangi nguo kwa magome ya mkandaa, Ghuba ya Chwaka: nendeni, ila tazameni maji

Nilikwenda na binti yangu wa miaka 11. Ni darasa la siku moja, shilingi 35,000 kwa mkubwa na nusu yake kwa mtoto, chakula ndani. Linafanyika kijijini kando ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, upande wa mikoko inayopakana na msitu wa Jozani. Tangazo liliahidi mambo matatu: kutembea mikokoni, kujifunza rangi ya magome, halafu wote pamoja kupamba kitambaa kimoja kikubwa. Tulipata mawili na robo.

Anayefundisha ni bibi wa hapohapo kijijini, msuka ukili, aliyetia rangi ukindu na miyaa, majani ya kusukia, tangu usichana wake. Tulimwamkia, akaitikia, papo hapo akauliza: "Mti huu unaitwaje?" Kimya. Sisi wa mjini yote kwetu mikoko. Kumbe mkoko ni ule wenye mizizi iliyotanua miguu juu ya tope. Wa magome ni mkandaa. Na mchu ukilamba jani lake unaonja chumvi. Binti yangu alilamba majani matano. Boriti za Mji Mkongwe zilitoka kwenye miti hiyo, na ndiyo sababu vyumba vya kule ni vyembamba: boriti haifiki mbali. Nimelala kwenye vyumba vile mara ngapi, sijawahi kujiuliza.

Bibi hakati mti, anabandua magome ya matawi yaliyokwisha kuanguka. Huyaponda, akayaloweka usiku kucha, kisha akayachemsha kwenye sufuria juu ya mafiga mpaka maji yawe kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Pamba nyeupe ikizama humo inatoka na wekundu wa kahawia. Pembeni ana kopo la maji yaliyolazwa na misumari yenye kutu. Chovya pindo la nguo iliyokwisha kupata rangi, na unaliona linageuka jeusi ukiwa bado umelishika. Ni tanini, ule ukakasi wa magome, inakutana na chuma. Wino wa kale wa kuandikia ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo.

Kitambaa cha pamoja kilikuwa cha mita 6, tayari cha kahawia. Tulichovya majani kwenye maji ya misumari tukayagandamiza juu yake. Baba mmoja aliyeapa hajui kuchora alikaa saa nzima akichora mizizi kwa kijiti, hata chakula hakuitikia. Watoto waliotoka chuo cha Kurani wakapita, wakajiunga, hakuna aliyewafukuza. Hapo ndipo siku ilipokuwa tamu.

Sasa malalamiko. Tuliambiwa saa tatu, tukaanza saa tano na nusu, eti wageni wa hotelini hawajafika. Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi mpevu, bamvua, ambapo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Tulipoingia mikokoni yalikuwa yanarudi kwa kasi. Dakika kumi, tukatimuliwa. Mtu anayeendesha shughuli ufukweni asiyeyajua maji? Bibi alishasema tangu asubuhi, hakusikilizwa.

La pili, kitambaa. Nilipouliza kinaenda wapi nikaambiwa kitatundikwa hotelini. Tangazo halikusema hivyo. Nikauliza bibi anapata kiasi gani katika zile 35,000, msimamizi akacheka akaniletea soda.

Nyota tatu, na zote ni za bibi. Ukienda, hesabu siku za mwezi mwenyewe, vaa nguo za kuchakaa na viatu vya kufunga, maana vile vya kuchomeka tope linavimeza. Shali yangu nimeshaifua mara tatu kwa sabuni ya mche: kahawia ipo vilevile, nyeusi imepauka kidogo pindoni.