TAHADHARI: "Dhahabu ya 22" wanayouziwa wageni wetu Pune

Ndugu mnaokuja India kwa matibabu, masomo au kufuata mzigo, hasa mnaofikia Pune: kuna mtu anawauzia wageni wetu shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu na kuiita dhahabu ya karati 22. Duka hana. Huzunguka kwenye nyumba za wageni zilizo karibu na hospitali, wanakofikia akina mama waliosindikiza wagonjwa, na wakati wake wa kuja anaujua: karibu na siku ya safari, mgonjwa keshapata nafuu, hela iliyobaki ipo mkononi na nyumbani wanasubiri zawadi.

Mkimwona mtamjua. Mtanashati, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, na Kiswahili anacho cha kutosha: "Shikamoo mama, pole na kuuguza." Hiyo pole ndiyo inayomfungulia mlango. Kisha anatoa boksi la mahameli jekundu, ndani mna seti nzima: kidani, hereni, bangili na pete. Ana kadi ya biashara yenye jina la kishindo, ana mzani mdogo, ana na sumaku. Anaipitisha sumaku juu ya kidani, haishiki, basi anawaangalia watu kama wakili aliyeshinda kesi. Sumaku haithibitishi kitu! Shaba haishikwi na sumaku, fedha haishikwi, aluminiamu haishikwi.

Maneno yake ni kwamba mzigo umetoka Dubai, haukulipiwa ushuru, ndiyo maana anautoa karibu nusu ya bei. Hebu tupige hesabu. Julai 2024 India ilishusha ushuru wa kuingiza dhahabu kutoka asilimia 15 hadi 6. GST, kodi ya bidhaa na huduma, kwenye dhahabu ni asilimia 3. Ukwepe vyote viwili, bado hata robo ya bei hujaigusa, sembuse nusu. Sonara wa kweli anapokupunguzia, anapunguza hela ya ufundi. Bei ya dhahabu yenyewe ni ya siku, imeandikwa ubaoni, na duka kwa duka haipishani sana. Anayekukatia nusu ya dhahabu yenyewe hana dhahabu.

Aliyepatwa safari hii ni mama mmoja wa pwani ambaye mwanawe alitibiwa hapa. Alitaka seti ya harusi ya bintiye. Alilipa dola taslimu, akapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, ile wenyeji wanayoiita bili kachcha, haina namba ya kodi wala anwani. Tulipokwenda kumjulia hali mgonjwa akatuonyesha kwa furaha. Nilikuwa na mama mwenye nyumba ninayopanga, Mmarathi, wapangaji wote tunamwita Kaku, shangazi. Kaku akaipakata bangili kiganjani, akaipima uzito, akaisoma kadi ya yule bwana, akasema taratibu: "Nav Sonubai, hati kathlacha vala." Jina lake Bi Dhahabu, mkononi kavaa bangili ya bati. Ilibidi nimweleze mama. Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu kwa ya kwetu: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Akaanza kuvua.

Tukaenda Laxmi Road, kwenye masonara. Fundi hakuhangaika na mashine. Alikwangua kidogo kwa tupa upande wa ndani wa bangili, akadondosha tone la tindikali, pakachemka povu la kijani. Dhahabu ya 22 haitoi povu la kijani. Akarudisha seti ndani ya boksi na kutupa methali nyingine, "Disata tasa nasata, mhanun jag phasata": vitu sivyo vinavyoonekana, ndiyo maana watu wanalizwa. Kwa methali za utapeli, Wamarathi hawa wana akiba.

Sasa lililonifanya niandike. Ile seti ilikuwa na muhuri wa 916, na wengi wetu tumefundishwa kwamba ukiona 916 umemaliza. Hujamaliza. 916 ni kweli ndiyo karati 22, sehemu 916 katika 1,000, lakini tarakimu hizo tatu yeyote mwenye nyundo na chuma anaweza kuzigonga. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 sonara wa India haruhusiwi kuuza pambo la dhahabu bila HUID, yaani msimbo wenye herufi na tarakimu, jumla yake sita, uliochongwa kwenye pambo lenyewe. Vitu vidogo sana, chini ya gramu 2, vimesamehewa. Kwa hiyo kwenye kidani tafuteni alama tatu pamoja: nembo ya pembetatu ya BIS, shirika la viwango la India, usafi kama 22K916, na ule msimbo wa sita.

Kisha usiuamini huo msimbo kwa macho. Pakua programu ya BIS Care, ingiza msimbo kabla hujatoa hela. Itakuletea aina ya pambo, usafi wake na sonara aliyelipeleka kupimwa. Mkononi umeshika kidani na programu inasema pete? Msimbo umeibwa kwenye pambo la mtu mwingine. Rudisha, ondoka, usibishane naye.

Jambo la tola nalipitia haraka. Kwetu wazee wanajua tola ni gramu 11 na ushei. Huku sokoni wengi wakisema tola wanakusudia gramu 10. Huo si wizi, lakini andikisha gramu kwenye risiti.

Na tusiwaonee wauzaji wa soko la Tulsi Baug, hapa hapa Pune. Pale mapambo ya kupakwa yanauzwa waziwazi, wanayaita "one gram gold", kila mtu anajua ni ya kuvaa harusini na bei yake inasema hivyo. Kanunueni, mtapendeza. Mimi mwenyewe ninayo.

Kama umeshanunua kwa huyu bwana, usiyauze hayo mapambo wala usimpe fundi ayayeyushe, kwa sababu ndiyo ushahidi wako. Hifadhi boksi, kadi, ile bili kachcha na ujumbe wa simu mliotumiana. Ukiwa bado India, ripoti polisi, na piga 1915, simu ya serikali ya kulinda wanunuzi. Aliyekwisha kusafiri amtume mwanafunzi anayemwamini huku, wapo wengi, akiwa na picha za seti yenyewe na nakala ya risiti. Yule mama bado yupo Pune na kesi yake imeshaandikwa polisi. Malalamiko yakiwa zaidi ya moja itakuwa vigumu kumwambia mama huyo kwamba ni yeye aliyekosea kununua.