TAHADHARI: Fundi umeme wa kubadilisha DB (boksi la breka za umeme wa nyumba) anazunguka Tabata mpaka Segerea, msimfungulie geti

Jamani naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira, na atakayenicheka anicheke. Zile mvua paa letu likavuja, maji yaliingia kwenye DB ikaungua, nyumba giza, na mzee wetu wa umeme wa siku zote yuko kijijini kwenye msiba simu haipatikani.

Ndo tukatajiwa huyu. Na asije mtu kuniuliza mlimwokota wapi, alitajwa na watu wazima wa mtaa huu huu, alishafunga feni kwa majirani na zinazunguka mpaka leo. Kaja kwa muda aliosema, ovaroli safi, kavua viatu mlangoni, kampa mama shikamoo yake vizuri, mama wa watu akampikia na chapati. Akafungua DB akatuita wote tusogee, ananionesha kwa ncha ya bisibisi, "dada yangu tazama nyutro, njia ya kurudishia umeme, ilivyolika hapa, na hizi breka unazoona nzima zishakunywa maji, zitakufa moja moja, tubadilishe boksi zima tu." Sasa mtu anakuonesha kitu mbele ya macho yako na kweli kimeungua cheusi, unamkatalia vipi? Akasema anatoa DB orijino Kariakoo kwa bei ya mafundi, na atapima waya za nyumba nzima, jumla laki tatu na nusu. Nikatuma yote. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake, akasema ni la mke wake, line yake ina matatizo.

Karudi jioni ile ile na boksi limezungushiwa nailoni, stika inang'aa. Kanipa breka mkononi, "pandisha, shusha, sikia mlio huo, feki hailii hivi." Nikapandisha nikashusha. Asubuhi yake akafunga, na kilichonimaliza ni hiki: kaniita nisimame karibu, akabonyeza kile kitufe cha testi kwenye ile breka kubwa ya kuzuia shoti, TAK, kimkono cha breka kikaanguka. "Umeona dada yangu, hii ikitokea mtoto kagusa waya inakata kabla hajalia." Mchana kweupe, taa zimezimwa, friji tulishaichomoa kwa ajili ya kazi yake. Nikamshukuru na hela ya nauli juu. Akabeba na lile boksi la zamani, eti anaenda kulitupa, watoto wasije kulichezea.

Yani wiki haikuzunguka vizuri dada wa kazi kapigwa shoti kwenye friji. Alikuwa pekupeku ametoka kupiga deki, mkono umeganda kwenye mpini, bahati aliteleza akaanguka mkono ukachomoka. Na ile breka ya kuzuia shoti imesimama vile vile haijashtuka. Mzee wetu aliporudi msibani kitu cha kwanza kubonyeza kitufe kile kile, TAK, kimkono kikaanguka, na taa zinawaka, TV inaongea. Kafungua kifuniko akakaa kimya, halafu akaniambia mwanangu njoo uone. Waya za juu za breka ile zimeingia vizuri kabisa, chini pale panapotoka umeme wa nyumba hakuna waya hata mmoja! Umeme unatoka mein swichi unaenda moja kwa moja kwenye breka ndogo. Anasema waya zetu zilikuwa bado na unyevu, ile breka ikawa inakataa kushika, basi badala ya kutafuta tatizo lilipo jamaa akaitenga, akaiacha iwe pambo. Kasogeza sumaku ya spika mbovu kwenye ile baa ya nyutro, kile kipande zinapofungwa waya za nyutro, ikanasa, ni chuma kimepakwa rangi, inatakiwa shaba na shaba hainaswi na sumaku. Taa zetu zina waya wa milimita 1.5 za mraba kaziwekea breka ya ampia 32 wakati zinataka 6 au 10, maana yake waya unaungua ukutani breka inaangalia tu. Na zile breka zetu za zamani alizosema zimekufa, mzee anasema karibu zote lazima zilikuwa nzima. Kaenda kuuza!!

Huyu siyo tapeli wa hela, huyu ni muuaji anayezunguka na bisibisi. Angekufa yule binti ningewaambia nini wazazi wake Singida? Afungwe, afungwe kabisa, na anayemuuzia hayo maboksi ya feki afungwe naye, maduka kama hayo yapigwe kufuli na mzigo uchomwe hadharani. Hela yangu sijui kama nitaiona, ila jela namtaka aende.

Mnaouliza mtamjuaje: hana leseni ya EWURA (mamlaka inayotoa leseni za mafundi umeme), ukimuuliza anasema iko kwenye kurenew. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hana. Anasema amepima waya na ana testa tu ya mfukoni. Na lazima aondoke na DB yako ya zamani. Jina na picha siweki hapa, polisi wameniambia nisubiri.

Kama kuna mtu kakufungia DB karibuni, leo usiku washa taa halafu bonyeza kile kitufe cha testi. Taa zikibaki zinawaka zima mein swichi, usiguse friji wala hita ya bafuni, ita fundi mwenye leseni, na hilo boksi usikubali alitupe. Langu nimelifungia kabatini kama ushahidi. Nyie wa kule Kimanga aliowafungia njooni inbox, tukienda kituoni wengi hawatatuzungusha.