Tahadhari: nilionyeshwa karatasi moja ya tinti, nikabandikiwa nyingine

Ndugu na marafiki, nimekaa kimya tangu mwezi wa Aprili kwa sababu ya aibu, na leo naandika kwa kuwa hasira imeishinda aibu hiyo. Mtu aliyeniwekea tinti, ile karatasi ya kukinga jua kwenye vioo vya gari, mwezi wa Januari alinidanganya mchana kweupe, akala shilingi 380,000 zangu, na mpaka leo yupo palepale, mtaa wa Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, anapokea wateja. Jumamosi iliyopita nilipita mbele ya banda lake nikamkuta mama mmoja ameliinamia lile sanduku la taa la kujaribia tinti kama nilivyoliinamia mimi, na kijana anamwelekeza aweke mkono. Nilikuwa na mtoto garini, foleni ikanisukuma mbele, sikuweza kuteremka. Yule mama ananiumiza moyo hadi sasa.

Sababu ya mimi kuhangaika na tinti mnaijua. Sikutafuta urembo wa gari wala kujificha. Mtoto wa dada yangu ana ualbino, anakaa kwenye gari hilo karibu saa mbili kila siku ya shule, na jioni tukitoka Buguruni kwenda Ubungo kwa Barabara ya Mandela, jua la alasiri linampiga upande wa kushoto njia nzima. Kofia anavaa, mikono mirefu anavaa, mafuta ya kujikinga na jua yale yanayotengenezwa KCMC Moshi hayakosekani nyumbani. Kilichobaki kilikuwa kioo. Tulipokwenda kliniki tulielezwa kwamba kioo cha mbele cha gari kimeundwa kwa tabaka mbili zenye utando katikati, na utando huo unazuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, lakini vioo vya milango ni vya tabaka moja na vinaipitisha kwa wingi ile mionzi inayopenya ndani ya ngozi. Kwa hiyo nilikwenda Kariakoo nikijua ninachokitaka. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watakaodhani nilidanganywa kwa kukosa kuuliza.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, jua la Januari mnalijua. Shemeji ndiye aliyenielekeza, naye alielekezwa na mtu wa kazini kwake, kwa hiyo naomba msimlaumu. Banda lilikuwa safi kuliko mengine yote ya mtaa ule: sakafu ya vigae, masanduku marefu ya karatasi yamepangwa ukutani, chupa za maji ya sabuni, mipira ya kukamulia maji imening'inizwa kwa mpangilio. Mwenye banda hakunikimbilia kama wafanyavyo wapiga debe. Alinipa kiti, akaniuliza gari nalilaza wapi na anayekaa nyuma ni nani. Nilipomtajia mtoto, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mama, wewe usichukue ya kawaida. Kwa mtoto huyo nitakuwa nakuibia."

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Alisema yeye mwenyewe kwamba karatasi ya kawaida ingekuwa wizi, kisha akanibandikia hiyohiyo.

Alinieleza mambo mengi, na baya zaidi ni kwamba yote yalikuwa kweli. Nimeyahakiki baadaye kwa mafundi wawili wa maeneo tofauti. Alisema weusi wa karatasi haumaanishi kinga, kwa kuwa karatasi ya rangi tupu inaweza kuwa nyeusi kama usiku na bado ikaacha joto lipite. Alisema ile yenye madini inazuia joto kiasi lakini inaweza kusumbua redio na mtandao wa simu, na kwamba ya seramiki ndiyo inayozuia miale ya joto bila kulazimika kuwa nyeusi sana. Akanionyesha namba, yaani asilimia ya mwanga unaopita: 5 ni giza kabisa, 20 ni giza la kutosha, 35 ni ya wastani, 70 huioni kwa urahisi. Niliposema nataka 5 kwa ajili ya mtoto, alinikataza, akisema usiku nitashindwa kuwaona bodaboda kwenye vioo vya pembeni, na kwamba kioo cha mlango chenyewe hakipitishi mwanga wote, kwa hiyo ukibandika ya 35 juu ya kioo kinachopitisha robo tatu ya mwanga, unabaki na kama robo tu. Niambieni, nani asingemwamini mtu anayekataa kumuuzia mteja kitu asichokihitaji?

Kisha likaja sanduku. Ni sanduku la mbao lenye taa nyekundu ya joto, na mbele yake pana nafasi ya kuchomeka kipande cha kioo. Alichomeka kioo kitupu, akaniambia niweke kiganja nyuma yake. Sikufika hesabu ya kumi nikautoa mkono. Akachomeka kioo chenye karatasi nyeusi ya rangi, nikauona moto ni uleule, umechelewa kidogo tu. Akachomeka cha tatu, chenye karatasi isiyo nyeusi hata kidogo, nikahesabu hadi thelathini na kiganja kipo palepale. Akatoa kipimo kidogo cha betri, akakibana kwenye kipande hicho cha tatu, nikasoma mwenyewe: mwanga 36, mionzi ya urujuanimno imezuiwa 99, miale ya joto imezuiwa 91. Mwisho akaleta sanduku lenye jina la kampuni ya Marekani, likiwa bado limefungwa kwa nailoni, akaikata nailoni mbele yangu, akavuta karatasi urefu wa mkono mmoja, akanipa niishike. Nikatoa 200,000 palepale.

Ndipo aliponiomba nitoke. Alisema vumbi likiingia kati ya karatasi na kioo halitoki tena, tofauti na maji, ambayo hukauka yenyewe, kwa hiyo mteja hakai karibu. Hilo nalo ni kweli. Nikakaa kwenye mgahawa wa jirani, nikanywa soda, nikapigiwa simu mara mbili za kuniambia kazi inakwenda vizuri. Kwa muda wa saa tatu sikuliona gari langu, na ninaamini katika muda huo ile karatasi niliyoishika ilirudishwa ndani ya sanduku lake, ikatolewa nyingine. Niliporudi gari lilikuwa linang'aa. Nikaambiwa nisishushe vioo siku tatu, nikapewa kadi ya dhamana ya miaka mitano, nikamalizia 180,000. Nilimshukuru. Nilimwombea baraka.

Wiki ya pili mtoto alisema gari bado linachoma. Nikamwambia tuwashe kiyoyozi. Wiki ya nne mkono wake wa kushoto ulikuwa mwekundu kuanzia kiwiko kwenda chini, siku aliyopandisha mkono wa shati, nami nikamgombeza yeye kwa kupandisha shati. Nimemwomba radhi tangu hapo, lakini neno lile nililitamka, na aliyenitia katika kosa hilo ni mtu aliyejua kabisa kwamba kuna mtoto.

Masika ilipoanza, kioo cha nyuma kikawa hakitoki ukungu hata nikibonyeza swichi. Fundi wa umeme alipokichunguza alikuta zile nyaya nyembamba zilizochorwa kwenye kioo zimekatwa sehemu tano kwa wembe, kwa sababu walipobandua karatasi ya zamani waliikwangua badala ya kuilainisha kwa mvuke au joto. Nyaya hizo zikikatika namna hiyo, wengi huishia kubadilisha kioo kizima. Mwishoni mwa Aprili vioo vya kushoto vilikwishaanza kugeuka zambarau na kutoa malengelenge kwenye kona, na hiyo ni dalili inayojulikana ya karatasi ya rangi ambayo rangi yake imeliwa na jua. Nilikwenda kwa fundi mwingine mwenye kipimo kama kile, akakibana kwenye kioo cha mtoto: miale ya joto iliyozuiwa haikufika hata robo, na mionzi ya urujuanimno karibu nusu ilikuwa inapita. Nilisimama pale nikalia mbele ya vijana wa watu.

Niliporudi Gerezani, yuleyule aliyenipa kiti hakunikaribisha. Kwanza alisema gari langu linalala juani, kana kwamba tinti huwekwa kwa magari ya kulala ndani. Kisha akasema iliyofanyika ni kazi ya kijana aliyekwisha kuondoka. Nilipotoa kadi ya dhamana alisema haina namba ya karatasi, hivyo hawezi kujua ni kazi yake. Kadi aliijaza yeye, kwa mkono wake.

Wengi mmeniuliza kwenye simu mwangalie nini. Nitasema ninayoyajua sasa. Risiti yangu ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, si ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na jina lililotokea kwenye lipa namba nilipolipa kwa simu halikuwa la duka wala la yule bwana. Kadi haikuwa na namba inayolingana na iliyo kwenye sanduku. Kipimo kilibanwa kwenye kipande cha maonyesho, hakikubanwa kwenye gari langu. Ningedai kipimwe kipande kilichokatwa kwenye karatasi yangu kabla haijabandikwa. Na ile ngozi ya plastiki inayobanduliwa wakati wa kubandika, ambayo kwa karatasi nyingi za kampuni kubwa huwa na maandishi, niliiona chini ikiwa tupu, nikaikanyaga nikipita kwenda kulipa. Kuhusu vumbi, kaeni mlangoni lakini msiondoke. Mengine sina utulivu wa kuyapanga.

Ninachokitaka ni huyu mtu awajibishwe. Sitaki aambiwe aombe radhi, na sitaki kurudishiwa nusu ya fedha kimyakimya kama alivyomtumia shemeji ujumbe wiki iliyopita. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kuuza bidhaa kwa kujificha nyuma ya jina la kampuni nyingine ni jambo ambalo Tume ya Ushindani inalishughulikia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Yale masanduku yafunguliwe moja moja, karatasi bandia ziteketezwe, banda lifungwe, na anilipe kioo cha nyuma chote. Mtu asiyejua kazi ningemsamehe. Huyu anaijua kazi kuliko mafundi wote niliokutana nao, na elimu hiyo anaitumia kama chambo.

RB, namba ya taarifa ya polisi, nimekwisha kuchukua, na barua ya malalamiko nimeiandika. Jina la banda silitaji hapa kwa ushauri wa mpelelezi, lakini kadi zake ni za rangi ya samawati zenye picha ya gari jeupe, na nyuma zimeandikwa miaka mitano kwa wino wa kalamu. Mwenye kadi kama hiyo, hasa mwenye vioo vilivyoanza kugeuka zambarau, asibandue karatasi hata ikimkera. Ailete kama ilivyo, ipimwe, iingizwe kwenye jalada pamoja na yangu.