Fimbo ya joto au sindano ya mvuke: kipi kinafaa kung'oa shingo ya gitaa la kujitengenezea?

Magitaa ya akustika yanayotengenezwa nyumbani yana kasoro moja inayojirudia: shingo imebandikwa ikiwa imeinama mbele, nyuzi zinakaa juu mno, na ukivuka freti (kijiti cha chuma kwenye shingo) ya 7 vidole vinaanza kuuma. Dawa yake ni kuing'oa shingo na kuirudisha kwa pembe sahihi. Vifaa vya kung'olea ni vya aina mbili: sindano inayopitisha mvuke kutoka kwenye chungu kidogo, na fimbo ya chuma inayopashwa kwa umeme.

Usinunue chochote kabla ya kupima. Rekebisha kwanza fimbo ya kunyooshea iliyo ndani ya shingo mpaka, ukibana uzi kwenye freti ya 1 na ya 14, nafasi chini yake kwenye freti ya 7 ibaki kati ya mm 0.1 na 0.25. Kisha laza rula iliyonyooka juu ya freti hadi ifike darajani, yaani kwenye kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya kasha (mwili wa gitaa). Ikipita sambamba na uso wa juu wa daraja, au juu yake kidogo tu, pembe ni nzuri. Ikigonga daraja kwa mbele, shingo imeinama. Ila kama bamba la juu limevimba nyuma ya daraja na kuzama upande wa tundu la sauti, ubovu uko kwenye mbao za ndani, na kung'oa shingo hakutaponya kitu.

Chungulia pia ndani ya tundu la sauti. Ukiona bolti, huhitaji kifaa chochote kati ya hivi viwili. Fungua bolti, pasha moto ncha ya ubao wa freti iliyolala juu ya kasha, na upitishe kisu chembamba kisicho na makali chini yake. Imekwisha.

Kwa kiungo cha gundi, sindano ya mvuke ndiyo ya haraka. Unang'oa freti ya 15, unatoboa shimo la mm 3 hivi kwenye mfereji wake, unaingiza sindano, na baada ya dakika chache maji ya rangi ya kahawia yanaanza kuchuruzika chini ya kisigino, yaani sehemu nene ya shingo inayogusa kasha. Gundi ya ngozi za wanyama hulegea vizuri kwa njia hii. Shida ni kwamba mvuke unahitaji uwazi mdogo nyuma ya ulimi wa shingo (sehemu inayochomekwa ndani ya kasha) ili uzunguke. Kiungo cha kiwandani kwa kawaida huwa nao. Cha nyumbani mara nyingi kimebana kabisa au kimejazwa gundi, kwa hiyo mvuke hurudi juu na kuloweka ubao wa freti. Vanishi hugeuka nyeupe kuzunguka kisigino, mbao huvimba, na itabidi usubiri siku kadhaa zikauke kabla ya kupima tena.

Fimbo ya joto ni ya polepole, lakini kwa gitaa la nyumbani ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Haihitaji uwazi wowote. Joto husafiri ndani ya mbao zenyewe. Hulegeza gundi nyeupe na ya njano za seremala, na hata epoksi, ambayo mvuke hauiwezi vizuri. Toboa mashimo mawili, moja kila upande wa ulimi, uzime kifaa mara tu unaponusa mbao zikianza kuungua, kisha sukuma kisigino kwa klampu taratibu. Kisipojongea, ongeza muda, usiongeze nguvu: kinachopasuka huwa ni ubavu wa kasha.

Hakuna kati ya vifaa hivi kinachorekebisha pembe. Hiyo ni kazi ya msasa na hesabu. Chukua kiasi ambacho rula imeshuka chini ya usawa wa daraja, zidisha kwa urefu wa kisigino, gawa kwa umbali kutoka freti ya kiungo hadi kwenye mfupa wa darajani, ule nyuzi zinapopita juu yake. Mfano: rula imeshuka mm 3, kisigino ni mm 90, umbali ni mm 287 (nyuzi za urefu wa mm 645, kiungo kwenye freti ya 14). Unaondoa mm 0.94 chini kabisa ya kisigino, ukipungua hadi sifuri juu. Vuta ukanda wa msasa kati ya kisigino na kasha, upande wenye chenga ukitazama kisigino. Hesabu mivuto iwe sawa kushoto na kulia, la sivyo shingo itageukia upande mmoja na uzi wa pembeni utaanguka nje ya ubao.

Kiungo sasa kitacheza. Bandika vipande vyembamba vya mbao kwenye mashavu ya ulimi mpaka shingo isimame yenyewe bila gundi. Ncha ya ubao wa freti nayo itakuwa imeinuka kidogo kutoka kwenye kasha, hivyo iwekee kabari nyembamba chini yake. Bandika kwa gundi ya ngozi au ya njano, kamwe si epoksi, ili kiungo kiweze kufunguliwa tena kwa urahisi. Acha klampu saa 24, kisha funga nyuzi na upime tena baada ya siku chache, kwa sababu bamba la juu hujongea kidogo likishaanza kuvutwa.