Asetoni ya saluni kutolea tairi za gari la rimoti, nimeijaribu kwenye rimu zangu

Wenye magari ya rimoti mtanielewa. Tairi imeshakuwa kipara, kashata zote zimelambwa, ila rimu iko nzima haina hata ufa, na bado watu wanatupa vyote viwili kwa sababu tairi imegandishwa na supagluu pande zote mbili. Mimi roho inaniuma sana nikiona hivyo. Nina bagi (gari la rimoti la kukimbilia kwenye vumbi) ya umeme ya saizi ya 1/8, yaani moja ya nane ya gari halisi, zile ambazo rimu inashikwa na heksi, kile kipande cha pembe sita, cha milimita 17, naikimbiza kwenye viwanja vya changarawe hapa Dar na tairi za nyuma hazikai kabisa, na rimu za saizi hii siyo kitu unatoka nyumbani asubuhi mchana unarudi nacho, unaagiza nje halafu unasubiri. Nilikuwa na rimu nne za zamani kwenye boksi, nikasema hizi lazima zirudi barabarani.

Nilianza na maji ya moto maana hayana gharama. Sufuria kuukuu, maji yakachemka, rimu ikakaa humo kama dakika 25, nikavaa glavu nene nikaanza kuvuta. Inafanya kazi, siwezi kusema haifanyi, supagluu haipendi joto na ikishapata moto wa kutosha inalegea. Shida ni kwamba una muda mfupi sana, ukiitoa kwenye maji ndani ya dakika moja imepoa na gundi imeshika tena, unarudisha, unatoa, unarudisha. Halafu zile rimu zina vitundu vidogo vya kupumulia, maji yanaingia, sponji inayojaza ndani ya tairi inayanywa yote, nilipominya tairi maji ya moto yakaruka yakanichoma kifundo cha mkono. Na tairi yenyewe ikachanika, mdomo wake ukabaki umekatika vipande vipande ndani ya mfereji wa rimu, kuvikwangua vile vipande ilikuwa kazi kubwa kuliko kuitoa tairi yenyewe. Kuna wanaotumia oveni, wanaweka nyuzi 120 hivi. Hiyo sikuigusa, oveni ya nyumbani ndiyo inayopikia watoto chakula na moshi wa raba siutaki humo.

Sasa asetoni. Wazo nililipata kwa mke wangu siku anatoa kucha za bandia. Gundi inayobandika zile kucha ni ukoo uleule wa supagluu, sianoakrileti, na akina dada wa saluni wanaiyeyusha kila siku bila kuvunja ukucha wa mtu, kwa hiyo hii kazi tunayohangaika nayo sisi wao wanaijua miaka. Nikaenda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya saluni. Chupa ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya pinki, inanukia vizuri, nikaloweka rimu siku mbili nzima na hakuna kilicholegea, hata ukingo haukusogea. Nimekuja kuelewa baadaye ile ni ya kutolea rangi ya kucha tu, imechanganywa maji na mafuta ili isikaushe ngozi. Duka la pili nikaeleza vizuri, dada akaniuliza, "Kaka, unataka ya rangi au ile kali ya kutolea kucha za bandia?" Nikamwambia ile kali. Akanidondoshea tone moja kiganjani, ikawa baridi kama barafu, ikakauka hata kabla sijafunga mkono, pakabaki peupe kama pana chumvi. Hiyo ndiyo asetoni. Ikibaki unyevunyevu au utelezi mkononi, iache dukani.

Chombo nilitumia kopo la bati la maziwa ya unga, lile kubwa lenye mfuniko, tairi ya 1/8 inaingia imelala vizuri na mbili zinapandana. Usitumie vikombe vya plastiki vyepesi vya shereheni, nilimimina kidogo kwenye kimoja nikaona chini kinanywea na kulainika kama ubani, ikamwagika mezani. Kabla ya kuloweka nilitoboa tairi matundu manne kwa msumari kwenye sehemu ya kukanyagia, maana zilikuwa za kutupa, ili dawa iingie na ndani, isile gundi kwa nje peke yake. Nikamimina mpaka ikafunika, nikafunga, nikaweka kibarazani kivulini mbali na jiko.

Baada ya saa 12 nikachungulia, ukingo wa nje umelegea kidogo, wa ndani bado. Nikafunga. Saa 24 ndipo nikaona kazi. Tairi ilikuwa imevimba, imekuwa laini na kubwa kuliko rimu, nikaingiza kidole gumba kwenye mdomo nikawa nautembeza taratibu kuzunguka na gundi inaachia inatoa kamlio kadogo, tk tk tk, mpaka nimezunguka duara zima na upande mmoja ukatoka mzima bila kuchanika. Aisee nilifurahi. Mfereji ulibaki na utando mweupe laini kama ugali uliokauka, nikausugua kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye ileile asetoni, ukatoka wote. Rimu ya pili ilikuwa na gundi nyingi, mtu aliyeibandika aliimwaga, hiyo ilikaa siku mbili na nusu na bado nilimalizia na bisibisi butu.

Kwa hiyo kwa rimu za nailoni, ambazo ndizo nyingi kwenye bagi za 1/8, naipa tisa kwa kumi. Moja naikata kwa sababu ya subira inayotaka, na sponji. Sponji iliyolowa asetoni sikuirudisha tena, ilitoka imelegea haina nguvu ya kubeba tairi. Tairi ikianikwa siku mbili tatu inanywea inarudi saizi yake, raba inakuwa ngumu kidogo, kwa mazoezi inatosha, mashindano hapana.

Ila kwanza ujue rimu yako ni plastiki gani. Kama ni za plastiki ngumu ya ABS asetoni itaziyeyusha, hizo peleka kwenye maji ya moto tu. Na zile zenye rangi ya kromu usitegemee kromu ibaki, nilijaribu kwa pamba kwenye kipande cha rimu iliyovunjika, pamba ikatoka na kromu yote. Ukiwa huna uhakika, chovya pamba, gusa sehemu ya nyuma isiyoonekana, subiri dakika tano. Ikinata kidoleni, acha.

Na jamani hii kitu inawaka haraka sana, mvuke wake unatambaa chini na kutafuta moto ulipo. Usifanyie jikoni, usifanyie chumbani mmelala, hakuna sigara, na watoto wasijue hata kopo liko wapi. Mikono nayo inakauka inapasuka, vaa glavu, zile nyembamba za mpira mweupe hazikai muda mrefu kwa hiyo badilisha.

Kurudishia tairi mpya sasa. Futa mfereji kwa spiriti, futa na mdomo wa tairi mpya maana inatoka kiwandani na utelezi, kisha kalisha tairi mpaka ukingo wote umezama sawa, zungushia raba zile za kufungia noti ili ibane, ndiyo uweke supagluu ile nyepesi kama maji, tone kwa tone, upande mmoja uache ukauke ndiyo ugeuze. Rimu niliyoisafisha kwa asetoni gundi ilishika safi. Ile ya maji ya moto, palepale palipobaki ganda la gundi ya zamani, tairi iliachia siku ya pili tu nikiwa naruka tuta.

Asetoni iliyotumika usimwage. Niliichuja kwa kitambaa nikairudisha kwenye chupa yake ya dukani, imekuwa ya njano kidogo ila kali bado kali, na sasa hivi rimu ya nne imelowa humo tangu jana jioni.