Kanuni ya mlipuko katika toleo la 10 la Warhammer 40,000: mapitio kutoka meza yetu ya Lubumbashi

Kikundi chetu, hapa Lubumbashi katika komini ya Kampemba, hucheza vita vya mezani kwa kufuata kanuni za msingi za Warhammer 40,000, toleo la 10, ambazo kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilizitoa mwaka 2023 na kuruhusu mtu yeyote azipakue bila malipo. Askari wa kiwandani, yaani sanamu ndogo za kuchezea, ni ghali kwetu, kwa hiyo tunawasuka wa kwetu kwa waya wa shaba na kuwasimamisha juu ya vizibo vya chupa za bia, ambavyo vina upana wa milimita 32 hivi, sawa na vitako vya askari wengi wa mchezo huu. Jambo hilo si dogo, kwa sababu umbali wote hupimwa kutoka ukingo wa kitako kimoja hadi ukingo wa kingine. Kitu pekee tulichopata kwa kampuni yenyewe, basi, ni maandishi, na ndiyo ninayoyapima hapa, hasa aya moja ambayo imetugharimu jioni nyingi: ile ya silaha za mlipuko.

Aliyecheza matoleo ya zamani atakumbuka visahani vya plastiki vinavyopitisha mwanga, kimoja cha inchi 3 na kingine cha inchi 5. Katika toleo la 5, mchezaji aliweka tundu la katikati ya kisahani juu ya askari wa adui anayemwona, akarusha dadu maalumu yenye mishale, na mshale ukitokea, kisahani kilisogezwa upande huo kwa jumla ya dadu mbili ikipunguzwa kwa kadiri ya ustadi wa mpigaji. Kila aliyeguswa na kisahani, hata kwa ukingo wa kitako tu, alihesabiwa kuwa amepigwa. Ugomvi ulikuwa wa macho: watu wawili waliinama juu ya meza, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja akaona kitako tofauti kimeguswa. Toleo la 8, mwaka 2017, liliviondoa visahani kabisa. Likaacha idadi ya mashambulizi, yaani mara ambazo silaha inajaribu kupiga, iamuliwe na dadu peke yake, na matokeo yake yakawa ya ajabu, kwani kombora lililopigwa katikati ya watu thelathini halikuwa na nafasi ya kugusa wengi zaidi kuliko lile lililopigwa kwa mtu mmoja. Toleo la 9 lilirekebisha hilo kwa namna yake, lakini toleo la 10 ndilo lililopata njia fupi zaidi: kila mara unapoamua idadi ya mashambulizi ya silaha ya mlipuko, unaongeza 1 kwa kila askari watano waliokuwemo katika kikosi ulipokichagua kuwa shabaha, na salio linatupwa. Askari wanne hawaongezi kitu, tisa wanaongeza 1, kumi wanaongeza 2.

Sentensi hiyo ni nzuri kuliko inavyoonekana kwa haraka, na nilijifunza uzuri wake kwa kosa. Mimi ndiye niliyewatafsiria wenzangu karatasi ya kwanza, nami niliandika "kwa kila askari watano waliomo katika kikosi". Karatasi hiyo tuliitumia majuma kadhaa bila tatizo, mpaka siku ambayo kikosi changu kilikuwa na silaha mbili tofauti za mlipuko zilizoelekezwa kwa kikosi kimoja cha watu 11. Silaha ya kwanza iliangusha wawili. Nilipotaka kuongeza 2 kwa silaha ya pili, mwenzangu kijana alinizuia kwa upole: "Yaya, bale beko ni tisa," yaani, mkubwa wangu, waliopo ni tisa. Kwa karatasi yangu alikuwa na haki kabisa. Lakini maandishi ya asili yamewekwa katika wakati uliopita kwa makusudi. Hayaulizi ni wangapi wamesimama sasa. Yanauliza ni wangapi waliosimama wakati shabaha ilipochaguliwa. Na kwa kuwa kikosi huchagua shabaha za silaha zake zote kabla ya shambulizi lolote kutekelezwa, silaha zangu zote mbili zilistahili nyongeza ya 2. Katika Kiswahili chetu cha nyumbani tofauti yote inakaa kati ya "bale beko" na "bale balikuwa". Nimeona ni wajibu wangu kulisema wazi, kwa sababu kosa lilikuwa la mtafsiri, na kanuni haikuwa na utata wowote hapo.

Jambo hilo lina upande wa pili ambao wengi huuruka. Kama silaha ya pili ingekuwa mikononi mwa kikosi kingine, mwenzangu angekuwa sahihi, kwa sababu kikosi hicho huchagua shabaha yake baada ya kile cha kwanza kumaliza kupiga, na wakati huo waliosimama ni tisa tu. Meza ni ileile, waliokufa ni walewale, lakini jibu linabadilika kwa kutegemea nani alichagua lini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu asiongozwe na picha ya bomu kichwani mwake. Afuate mpangilio wa hatua uliowekwa na kitabu: kuchagua, kuhesabu, kurusha.

Kuhusu nani anahesabiwa, maandishi yametosheleza. Kiongozi aliyeunganishwa na kikosi ni sehemu ya kikosi hicho, kwa hiyo askari tisa na kiongozi wao ni kumi, na mlipuko unapata nyongeza ya 2. Walio nyuma ya ukuta nao wanahesabiwa, maadamu yupo angalau mmoja anayeonekana na aliye ndani ya masafa. Hili la mwisho huwaudhi wageni, na naelewa sababu yao, lakini sentensi haiwabagui waliojificha, nasi hatuna ruhusa ya kuwabagua.

Sehemu inayostahili lawama ni katazo lililowekwa mwishoni mwa aya kana kwamba ni dokezo tu, ingawa uzito wake ni wa kanuni kamili. Silaha ya mlipuko haiwezi kamwe kupiga kikosi cha adui kilicho ndani ya umbali wa kukabana na kikosi chochote cha upande wako, pamoja na kikosi cha mpigaji mwenyewe. Umbali huo ni inchi 1 kwa ulalo na inchi 5 kwa wima, na ufafanuzi wake uko ukurasa mwingine kabisa. Tumewahi kuwa na askari wa shaba aliyesimama chini ya dari la boksi, adui akiwa juu yake kwa chini ya inchi 5. Mwenye mzinga alikuwa amekwisha kurusha dadu kabla hatujagundua kwamba wawili hao wamekabana, na kwamba adui mmoja aliyekabwa anakinga kikosi chake chote, hata wenzake walio mbali. Utata mwingine unatokana na magari na majitu makubwa, ambayo yameruhusiwa kupiga yakiwa yamekabwa. Wapo wanaosoma ruhusa hiyo kuwa inafuta katazo, na wapo wanaosoma katazo kuwa linanyamazisha mzinga wote. Wote wanakosea: gari lililokabwa halitapiga kwa mlipuko kikosi kinacholikaba, lakini linaweza kupiga kikosi kingine cha adui ambacho hakijakabana na mtu wa upande wake. Kanuni mbili zinazokutana mara nyingi namna hii zilistahili kuandikwa jirani.

Nasikitikia pia kitu kilichopotea. Kisahani kilimfundisha mchezaji kuwatawanya watu wake, na mkuu wa kikosi aliyewarundika alilipia uzembe huo. Sasa kikosi kilichobanana na kilichotawanyika hupata nyongeza ileile, na kikosi jirani kilicho hatua moja kutoka kwenye mlipuko hakiguswi hata na vumbi. Hata hivyo, nikipima ugomvi wa zamani na utulivu wa sasa, nalichagua toleo la 10 bila kusita, na ninawashauri wanaoanza walitumie.

Mtu akienda kuchapisha, asichapishe faili lote, kwani wino wa vibanda vyetu vya fotokopi hufutika upesi kwa jasho la vidole. Achukue kurasa za hatua ya kupiga, za uwezo wa silaha, na ule unaoeleza umbali wa kukabana, azitoe kwenye karatasi nene na kuzibana pamoja. Karatasi yangu ya tafsiri nimeiandika upya. Ile ya zamani, yenye "waliomo", mwenzangu ameiomba aitunze.