Kadi ya dola Dubai: bonyeza AED (dirham, pesa ya huko)

Huu ni mwaka wa pili nafuata mzigo Dubai nikiwa na kadi ya Visa ya akaunti yangu ya dola, badala ya kufunga noti kiunoni. Kadi naipenda. Ila safari ya kwanza nilipoteza dola 20 na ushee, na kosa halikuwa la kadi.

Ilikuwa asubuhi ya kuondoka hotelini, Deira. Bili dirham 1,450. Mhudumu akachomeka kadi, akabonyeza kitu, ndipo akanigeuzia mashine niweke namba ya siri. Teksi ilikuwa inanisubiri, risiti nikaitia kwenye pochi. Kuja kuisoma uwanja wa ndege, imeandikwa USD 415.47, yaani mashine ilishanibadilishia dirham kuwa dola palepale. Chini, kwa maandishi madogo: kiwango 3.49, na kwamba nimepewa nafasi ya kuchagua sarafu nikakubali. Hakuna aliyeniuliza!

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola 1 ni dirham 3.6725. Gawanya 1,450 kwa hiyo, unapata dola 394.83. Kilichozidi wamegawana wenye mashine na wanaowabadilishia. Na benki yangu ikakata asilimia 1 yake ya manunuzi ya nje vilevile, kwa hiyo kulipa kwa dola hakukuniokoa na chochote. Iliniuma sana, maana dola 20 ni faida yangu ya mabaibui manne.

Safari iliyofuata, dukani Naif, nikakutana na kijana wa Mombasa. Akanisogezea mashine: "Mama, hapa juu dola, hapa chini dirham. Bonyeza mwenyewe." Nikabonyeza AED. Mzigo ulikuwa wa dirham 2,200. Meseji ya benki ikaja dola 605.04, makato yote ndani. Kwa kiwango cha ile hoteli ingekuwa dola 630 kabla hata ya makato.

ATM nazo zina mtego huohuo, tena pale neno lenyewe linatisha: ukibonyeza kukataa unadhani umefuta kila kitu. Hapana. Unakataa kubadilishiwa tu, pesa inatoka.

Siku hizi hotelini nasema "dirham" kabla kadi haijatoka mkononi, hata wanaposhikilia amana siku ya kuingia. Risiti ikitoka na dola siondoki kaunta. Naomba wafute muamala wapitishe upya. Mara moja imebidi, wakakubali, ila pesa ya muamala uliofutwa ilikaa siku kadhaa kabla ya kurudi kwenye akaunti. Uwe na akiba ya kutosha kwenye kadi.

Kadi naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa sababu meseji inaonyesha dola zilizokatwa tu, haionyeshi kiwango, na bila risiti ile ya hoteli nisingejua kabisa.